Kwa nini samaki wa mapambo hufa wiki ya pili, hasa huku Mbeya

Matangi mengi ya samaki hapa Mbeya huanza na kuisha kwa namna moja. Mtu ananunua tangi Jumamosi, analijaza maji ya bomba, anatia kokoto za rangi na samaki kumi wa aina tano, na kwa siku chache sebule inapendeza. Kisha asubuhi moja samaki wa kwanza anakutwa amelala ubavu. Kufikia wiki ya pili wamebaki wawili, na mwenye tangi ameshamwaga maji yote mara kadhaa, ameosha kokoto kwa sabuni, na ameamua kwamba aliuziwa samaki wagonjwa. Muda wote huo maji yalikuwa meupe pe.

Weupe wa maji hauna habari yoyote ya kukupa. Vinavyoua samaki wa ndani kwa kawaida havionekani: amonia, baridi na upungufu wa oksijeni. Mfugaji wa Dar es Salaam anahangaika zaidi na hicho cha kwanza. Huku kwetu, Mbeya ikiwa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na Njombe ikikaribia 2,000, vyote vitatu huja pamoja na kila kimoja hukichochea kingine. Mtu akifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nyumba zenye joto, neno kwa neno, atafeli bila kujua kosa liko wapi.

Sumu inayotengenezwa na samaki wenyewe

Samaki hutoa amonia, na sehemu kubwa hutoka kwenye matamvua anapohema. Nyingine hutokana na kinyesi na chakula kinachooza chini. Ziwani amonia hiyo humezwa na wingi wa maji. Kwenye tangi la lita 60 haina pa kwenda, inaunguza matamvua, na samaki anaanza kuhema juujuu karibu na uso wa maji.

Kinacholifanya tangi likae miaka ni bakteria. Kundi moja hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: inaingia kwenye damu ya samaki na kuizuia kubeba oksijeni, mpaka damu yenyewe inageuka rangi ya kahawia. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa haijarundikana sana, na hiyo ndiyo tunayoitoa kwa kupunguza maji kila wiki. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Wameganda kwenye sponji ya filta, kwenye kokoto, kwenye majani ya mimea na kwenye vioo.

Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Kwenye maji ya nyuzi 25 huwachukua takriban wiki nne hadi nane kuongezeka mpaka wamudu kazi. Hapo ndipo fumbo la wiki ya pili linapofunguka: amonia hupanda kwanza, kundi la kwanza la bakteria likianza kuchangamka amonia inashuka, lakini nitriti inapanda kwa sababu kundi la pili bado ni dogo. Samaki aliyenusurika wimbi la kwanza anakufa kwenye la pili. Na yule anayemwaga maji yote na kusugua kokoto kwa sabuni anarudisha safari mwanzo kila mara, huku akiamini anafanya usafi.

Sasa ongeza baridi. Maji yakishuka hadi nyuzi 18, kasi ya kukua kwa bakteria hao hupungua karibu nusu, na chini ya 15 wanajikokota. Usiku wa Juni na Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na nyumba zetu nyingi hazina dari nene wala kitu chochote cha kuzuia joto lisitoke. Tangi lililoanzishwa Julai bila hita linaweza kufika Oktoba bado halijatulia. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: anza Septemba. Joto linapanda hadi Novemba, na baridi inayofuata itakuta bakteria wameshajaa.

Anza bila samaki. Jaza maji, washa filta, kisha kila siku tupia chembe chache za chakula cha samaki zioze. Harufu kidogo isikutishe. Njia ya mkato ipo, nayo ni moja tu ninayoiamini: mwombe mwenye tangi la zamani kipande cha sponji yake chafu, kisafirishe kikiwa kimelowa maji ya tangi lake, kiweke ndani ya filta yako siku hiyohiyo. Hakikisha tu samaki wake ni wazima, maana sponji hubeba na magonjwa. Chupa za "bakteria" zinazouzwa madukani zingine zinafanya kazi, zingine zimekaa juani kwenye rafu hadi hazina chochote kilicho hai, na kwa kuitazama chupa huwezi kutofautisha.

Kama unaweza kupata vijiti vya kupimia maji, hela hiyo usiionee uchungu. Amonia na nitriti zisome sifuri kabla samaki hawajaingia, na hata baada ya hapo waingie wachache wachache. Samaki wanne leo, wengine wanne baada ya wiki mbili.

Birika na siki

Maji ya bomba yana klorini, nayo huua bakteria wako kama inavyoua wale wanaoleta magonjwa ya tumbo. Yakikaa siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi, klorini ya kawaida huruka. Ipo aina nyingine ya dawa ya maji, kloramini, ambayo hairuki kwa kusubiri, na hapo unahitaji dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauza samaki. Maji ya kijito au chemchemi hayana klorini lakini yanaweza kuja na mabaki ya dawa za mashambani, hasa kijito kikipita katikati ya viazi au chai.

Jambo la pili ni ugumu wa maji. Chungulia ndani ya birika lako la siku zote. Likiwa na ukoko mweupe unaobanduka, maji yako ni magumu, yana chokaa, na samaki kama gapi, moli na plati watayafurahia. Likiwa safi baada ya miezi ya kuchemsha chai, maji ni laini, na hao wanaotoka mito ya Amerika Kusini, kama neoni, watakaa vizuri zaidi. Usipigane na maji ya bomba lako. Chagua samaki wanaoyataka.

Mawe pia yana la kusema. Mawe ya chokaa yanayopatikana upande wa Songwe ni mazuri kwa macho, ila yakiwekwa majini yanayeyuka polepole na kupandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (7 ni katikati, chini yake ni uchachu). Kipimo chake kiko jikoni: dondosha siki juu ya jiwe, likitoa povu, lina chokaa. Na pH si jambo la wataalamu pekee. Amonia huwa katika hali mbili majini, moja kali na moja ya kustahimilika, na pH ndiyo inayogawa. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, hata asilimia moja haifiki hali kali. pH ikiwa 8, inazidi asilimia tano. Amonia ni ileile, ukali umekuwa karibu mara kumi. Jiwe la urembo linaweza kuwa ndilo lililogeuza tangi la kuvumilika kuwa la kuua.

Jiwe ninalolipenda mimi ni lile jepesi lenye matundu linalotokana na volkano ya Rungwe, lile linaloelea ukilitupa majini. Livunje vipande vidogo, lioshe bila sabuni, libane ndani ya filta. Kila tundu ni makazi ya bakteria, na halikugharimu shilingi. Kwa maficho ya samaki, chungu kilichovunjika cha Wakisi wa Ikombe hakina mshindani: udongo mtupu uliochomwa, hauna rangi wala dawa.

Hewa ya mlimani

Hili halisemwi sana. Kwa urefu wa Mbeya, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na pwani, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiwango hichohicho. Maji ya nyuzi 25 pwani hubeba kama miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita. Hapa hubeba kama 6.7. Kwa hiyo kanuni za "samaki wangapi kwa lita ngapi" zilizotungwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari zinatubana zaidi. Punguza samaki, na hakikisha uso wa maji unatikisika muda wote. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inatosha kabisa kwa tangi dogo: inachuja, inatikisa maji, inakula umeme kidogo, na ikizimika kwa muda bakteria wake hawakosi hewa haraka kama wale waliofungiwa ndani ya filta za kopo.

Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi zaidi, hiyo ni nafuu yetu. Ndiyo maana wakoloni waliweza kupandikiza samaki wa trauti kwenye mito ya Rungwe na Mufindi. Lakini samaki wa joto kwenye maji ya baridi hawezi kula wala kupambana na magonjwa, hata azungukwe na oksijeni namna gani.

Hita, uniti na chaguo la samaki

Tuchukue tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 40. Likijaa pomoni ni lita 72. Ukitoa kokoto na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 60. Uzito wote, kioo kikiwemo, unapita kilo 80, kwa hiyo ile meza ya televisheni iache ifanye kazi yake. Fundi wa alumini na vioo anaweza kukutengenezea tangi hili kwa kioo cha milimita 6. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu, na uiache ikauke siku kadhaa mpaka harufu ya siki iishe.

Kupandisha lita 60 kutoka nyuzi 16 hadi 24, hita ya wati 100 inahitaji karibu saa sita, na hapo sijahesabu joto linalopotea. Ikishafika, kwenye baridi itakuwa inawaka na kuzima. Ikiwaka nusu ya siku ni uniti 1.2, yaani kama 36 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, nusu ya mgao wake imeishia kwa samaki, na ukivuka ukomo bei ya uniti inabadilika. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kununua, kwa sababu baada ya hapo watoto wameshawapa samaki majina.

Joto likae ndani. Lile povu jeupe linalokuja na boksi la televisheni libandike nyuma, pembeni na chini ya tangi, na juu weka kifuniko cha kioo chenye upenyo. Tofauti utaiona kwenye kipimajoto. Hita ichomolewe kila unapopunguza maji, kwa kuwa ikibaki hewani ikiwa inawaka kioo chake hupasuka.

Umeme ukikatika usiku wa Julai, zungushia tangi blanketi ukiacha nafasi ya hewa juu, jaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, zifunge vizuri na uziache zielee ndani. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni uwekezaji wa maana. Usiwalishe samaki mpaka umeme urudi. Na jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya kupasha tangi. Moshi wake usioonekana unaua watu kabla ya samaki.

Njia ya pili, ambayo naiona ya busara zaidi kwa wengi wetu, ni kuchagua samaki wanaoweza kuishi na baridi. Zebra, yule mwembamba mwenye mistari ya bluu, anaridhika na nyuzi 18 hadi 25. Plati wanakaa vizuri kwenye 20 na kuendelea. Wapo samaki wadogo wa milima ya China, Tanichthys albonubes, wanaopenda 14 hadi 22, na ukiwapata kwa muuzaji wachukue. Kwa samaki hawa hita ni ya kuzuia maji yasishuke chini ya nyuzi 18 au 20, si ya kuyafikisha 26, na bili inapungua sana.

Samaki wa dhahabu anaiweza baridi kuliko wote, lakini si wa tangi hili. Anakua kupita sentimita 20, anachafua maji kwa kasi, na mdomo wake hauchagui: kidogo chochote ni chakula. Mchimbie bwawa uani.

Nani akae na nani

Katika tangi la mchanganyiko tunatafuta samaki wanaotaka maji ya aina moja, wasiolana, na wanaogawana ghorofa: wa juu, wa kati na wa chini. Kwa lita 60 za hapa Mbeya ningeweka zebra sita, plati wanne (dume mmoja, majike watatu) na koridorasi wanne au watano wa chini, basi. Zebra akiwa peke yake au wawili anakuwa mkorofi na kuwasumbua wengine. Akiwa na kundi anafukuzana na wenzake na kuacha wengine kwa amani. Enjeli ni mzuri ila akikua anawameza neoni. Faita dume akikutana na gapi wenye mikia mirefu anaweza kuwadhania wapinzani.

Kisha linakuja swali ambalo kila mtu wa huku huuliza: mbuna wa Ziwa Nyasa je? Wako karibu, ukivaa miwani ya kuogelea kwenye mawe ya Ikombe unawaona kwa rangi zao za bluu na njano, na wafugaji wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa bei ya maana. Hawafai kwenye tangi la mchanganyiko. Ziwa liko chini, mita 475 hivi juu ya bahari, maji yake ya juu ni ya joto na pH yake inazidi 7.5. Kikubwa zaidi, mbuna hulinda jiwe lake kwa vita, na kwenye tangi dogo asiye na pa kukimbilia hupigwa mpaka afe. Anayewataka awajengee tangi lao peke yao, lita 200 au zaidi, mawe hadi juu.

Mfuko kutoka Dar

Samaki wengi wa mapambo hufika huku kwa basi, zaidi ya kilomita 800, ndani ya mifuko ya nailoni. Mfuko uliofungwa pwani huwa umetuna ukifika Mbeya kwa sababu hewa ya nje imepungua nguvu. Pakiti za krispi hufanya vivyo hivyo. Mwambie muuzaji asiujaze sana, na auweke kwenye boksi la povu, maana basi la usiku likipita Makambako baridi ni kali.

Samaki wakiwa ndani ya mfuko, pumzi yao hushusha pH na hivyo amonia iliyorundikana inakuwa katika ile hali ya kustahimilika. Ukifungua, hewa ya pumzi hiyo inaruka, pH inapanda, na amonia inageuka kali ndani ya dakika chache. Kwa hiyo uache mfuko uliofungwa uelee kwenye tangi kama dakika 20 ili joto lilingane, kisha ufungue, uwachote samaki kwa wavu na kuwahamisha mara moja. Maji ya mfuko yamwagwe nje. Zima taa siku hiyo na usiwalishe.

Kila wiki

Punguza robo hadi theluthi ya maji kwa mpira, ukinyonya uchafu kati ya kokoto. Maji mapya yawe na joto lilelile. Wakati wa baridi maji ya bomba huwa kama nyuzi 15: chukua lita 16 zilizokwisha kukaa, ongeza lita 2 zilizochemka (Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi), unapata ndoo ya karibu nyuzi 24. Pima kabla ya kumimina. Sponji ikamuliwe ndani ya maji uliyoyatoa, kamwe isiwe chini ya bomba. Kioo kifutwe bila sabuni.

Chakula ni mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, na kipungue baridi inapozidi. Wageni na chapati zao wakae mbali. Samaki akitokea na vidoa vyeupe kama chumvi mwilini, mara nyingi joto lilishuka ghafla; tafuta dawa ya madoa meupe, na pandisha joto taratibu, si kwa mkupuo.

Tangi likishatulia tatizo hugeuka, samaki wanakuwa wengi mno. Jike wa plati au gapi huzaa karibu kila mwezi, na akishapandwa mara moja anaweza kuzaa tena na tena bila dume. Usiwapeleke Mto Kiwira wala kijito cha nyuma ya nyumba, gapi wameshasambaa kwenye mito ya nchi nyingi kwa njia hiyohiyo na hawarudishwi. Wagawie majirani wenye matangi, au warudishe kwa muuzaji kwa kubadilishana na chakula. Asiyetaka usumbufu huo anunue madume matupu. Kwa gapi, hao ndio wenye rangi na mikia mirefu.